Kumi ya Mlekwa

Alfajiri, kabla sijafungua mlango, nasikiliza.
Msumeno ukilia kule ng'ambo ya reli
najua leo maharage yataiva.
Ukinyamaza, umeme umekatika,
na mimi nisiye na hata taa moja ya kuzimika
ndiye wa kwanza mtaani kujua.

Mkaa? Usinitajie mkaa.
Gunia limepanda bei mpaka limesahau njia ya kushuka,
juu limevishwa kofia ya majani na kamba,
chini chenga tupu.
Mimi na toroli la kuazima,
gurudumu likikohoa njia nzima ya Isevya,
tunakwenda kwenye mabanzi.

Banzi ni ngozi ya mti.
Mbao zenyewe hupanda lori, zikawe vitanda vya maharusi wa mbali,
milango ya ofisi, meza zisizoliwa chakula.
Ngozi inabaki Tabora.
Upande mmoja ganda, upande wa pili imenyooka,
kama mtu aliyesoma nusu.

Anayeuza ni Mlekwa.
Kidole kimoja alikiacha kwenye mashine mwaka ule wa mvua nyingi.
Huhesabu kwa mikono, banzi kwa kidole,
akifika mwisho anasema, "Kumi hayo, mama."
Kumi ya Mlekwa ni tisa.
Miezi minne nililipa kumi nikapikia tisa,
nikidhani macho yangu ndiyo yanayoniibia.
Siku niliyogundua nilimshika mkono,
nikaweka kidole changu penye pengo:
"Hesabu na hiki."
Alicheka mpaka maranda yakamdondoka nywelani.
Tangu hapo mimi ananihesabia kwa kidole changu.
Wengine, jamani msiseme,
bado anawahesabia kwa vyake.

Na kuchagua ni elimu.
Msonobari huwaka kama hasira ya mtoto, dakika mbili umekwisha.
Mtundu una kaa linalolala na wewe hadi asubuhi.
Vile vipande laini vya kiwanda cha samani, vyenye gundi,
usiviguse hata ukipewa bure:
mteja atauliza kwa nini maharage yananukia kabati.

Unga wa msumeno hauuzwi, unazolewa tu.
Jiko langu ni debe la rangi.
Nasimamisha chupa katikati, nyingine naipitisha ubavuni, chini,
nashindilia unga kwa mchi mpaka bega linagoma,
kisha nazichomoa taratibu, pumzi nimeibana.
Linabaki koo.
Kibanzi kimoja, njiti moja ya kiberiti,
na koo linameza moto tangu saa nne mpaka alasiri
bila kupulizwa, bila kubembelezwa.
Nimewahi kuishi na mwanamume aliyehitaji kazi zaidi.

Juzi, chini kabisa ya toroli, nilikuta banzi la mninga.
Utomvu wake mwekundu umegandia kama kidonda cha goti,
na gandani kuna mfuo, mahali kamba ya mzinga
ilisugua miaka na miaka.
Baba alitundika mizinga upande wa Sikonge.
Sisemi ni mti wake.
Misitu ni mingi, na kamba zote husugua namna moja.
Ila nililinusa.
Nikaliegemeza ukutani, nikapikia mengine.

Jana mvua ilianza usiku, haikukata.
Unga ukalowa. Msumeno kimya.
Saa kumi wateja wamesimama na bakuli zao chini ya bati,
Nyanzobe wa cherehani, vijana wa gereji,
na maharage bado yanagonga sufuria kama kokoto.
Nikalitazama lile banzi.
Likanitazama, au mimi niliona hivyo.

Nikachukua shoka, nikalikata katikati.

Nilipoinama kuchochea
sikusikia harufu yoyote ya asali,
na nilisikiliza kwa pua yangu yote.
Maharage yakaiva. Watu wakala. Nyanzobe akaongeza mia tano.

Nusu yenye mfuo ipo bado ukutani.
Itakuwa kigoda,
au itakuwa Alhamisi.